Aliyefuata Kofia

Elmer hakulia. Hilo ndilo lililomshtua Nilda kwanza, kabla ya harufu, kabla ya mengine yote. Mtoto wa miezi minane ameanguka na mama yake kwenye mawe ya ukingo wa ziwa, shuka alilobebewa limelowa, mvua ya mawe inampiga usoni, na halii. Amefumbua macho tu, anatazama juu kama mtu anayesubiri kuambiwa jambo.

"Mvumilivu huyo," alisema Eulogia, akimvuta Nilda mkono ainuke. "Si kama mama yake, kilima kidogo tu ulimi nje."

Wakacheka, wakakimbia. Walikuwa mashoga tangu darasa la kwanza, na ni Eulogia aliyemshawishi wapande huku juu kwa mama yake mwenyewe, Mama Paskwala, wakasaidie kunyoa sufu ya alpaka, wanyama wa milimani wenye shingo ndefu, Nilda naye apumzike kidogo kutokana na maneno ya mama mkwe wake. Ni Eulogia pia aliyeng'ang'ania wakae kidogo pale ziwani, ingawa wachungaji wote hupapita bila hata kupunguza mwendo.

Kwa haraka ile hakuna aliyemwita mtoto. Kwao, mtoto akishtuka mahali huondoki mpaka umemwita kwa jina lake, njoo twende, usibaki. Mwili unabebeka mgongoni, lakini roho ya mtoto ni nyepesi, hubaki pale pale ilipodondokea. Nilda alilijua hilo kama anavyojua kunyonyesha, na akasahau.

Kibandani kwa Mama Paskwala, Elmer alikataa titi. Si kwamba aligeuza uso. Nilda alimtia chuchu mdomoni na mdomo haukufunga, maziwa yakamtiririka shavuni. Asubuhi akanusa utosi wake, akitafuta ile harufu yake ya jasho tamu, akakuta harufu ya mawe yaliyokaa chini ya maji. Akanusa tena. Akamwita Eulogia anuse, na Eulogia akasema ni nguo hazijakauka, lakini alisema huku akitazama mlangoni.

Adhuhuri miguu ya mtoto ilikuwa baridi mpaka magotini. Mama Paskwala, ambaye wanawake wa mabonde yote yale humletea watoto wao, alikuwa amerudi kutoka malishoni. Aliacha majani ya koka aliyokuwa akitafuna, akamfunua mtoto, akamnusa, akauliza kwa sauti ya chini kama walimwita.

Nilda akatikisa kichwa.

"Basi huyu hapa ni nguo tu, mwanangu," alimwambia Nilda. "Mwenyewe yuko ziwani."

Akampa kofia ya sufu ya Elmer, ile yenye masikio, na kumweleza upesi upesi huku akisugua nyayo za mtoto. Aende sasa hivi na kurudi kabla jua halijazama. Aishike kofia wazi, chini, usawa wa mtoto. Amwite Elmer, jina hilo tu, na aite mama peke yake. Eulogia amsindikize kwa sababu ya ukungu, lakini afunge mdomo. Na Nilda asigeuke nyuma mpaka kofia iwe kichwani mwa mtoto. Ziwa lile lina wenyewe, majini wasio na majina, na wakisikia mtu anaitwa kwa mapenzi hutamani wao ndio wawe wanaoitwa.

Nilda akauliza jua likizama itakuwaje. Mama Paskwala aliendelea kusugua zile nyayo.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Nilda alisimama penye yale mawe, akaita, akaita tena, Elmer, njoo, njoo twende, mama yuko hapa. Akalipa ziwa kisogo, akaanza kutembea huku kofia ikining'inia mkononi nyepesi kama unyoya, akiita, akiapa kimoyomoyo kwamba akimpata hatamweka chini tena maisha yake yote. Ghafla kofia ikalemea. Ikawa na uzito, na joto, na ile harufu ya jasho tamu ikampanda puani, naye akalia huku akitembea, kwa sababu alikuwa amempata.

Ndipo Eulogia, nyuma yake, akanong'ona.

"Na wewe njoo, mwanangu. Njoo kwa mama."

Kofia ikavutwa chini kwa nguvu, ikaanza kuchuruzika maji baridi kwenye vidole vya Nilda, na nyuma yao kokoto zikalia chwa, chwa, kama nyayo ndogo zilizolowa, naye hakuweza kugeuka na hakuweza kusimama, huku Eulogia akilia na kumwambia yote, kwamba ile mimba yake ya mwaka juzi haikuharibika kama alivyowaambia watu, mtoto alizaliwa hai, akafa siku hiyo hiyo kabla hajapewa jina, naye akamzika mwenyewe chini ya mawe pale ziwani, na kila anapopita lazima akae.

"Hukuniambia," alisema Nilda.

"Ningekuambiaje, shoga, na tumbo lako linakua?"

Nilda alifikiri kuitupa kofia. Lakini Elmer alikuwa ndani yake, alihisi joto lake kwenye kidole gumba, joto dogo lililobanwa pembeni na kitu kingine, na jua lilikuwa limeshagusa mlima, hivyo akatembea, akakimbia, akaanguka goti moja akainuka bila kuiachia.

Mama Paskwala aliwapokea mlangoni. Alipoitazama kofia alijiziba mdomo.

"Wamo wawili," alisema. Angeweza kufukiza na kufukuza, ila moshi hauchagui, wangetoka wote, na pumzi ya mtoto ilikuwa inakatika. "Amua wewe. Wewe ndiye mama."

Nilda akamvika Elmer kofia.

Mtoto akalia. Alilia kwa hasira, uso mwekundu, ngumi hewani, na Nilda akafungua blauzi, akampa titi la kulia, naye akalidaka, akanyonya, macho yake yakamtafuta mama yake na kumwona. Nilda alisema asante, asante, bila kujua anamwambia nani.

Kisha titi la kushoto likashikwa.

Hapakuwa na kitu pale. Palikuwa na ubaridi, na unyevu, na chuchu iliyokuwa ikivutika yenyewe mbele ya macho yao.

Eulogia alipiga magoti, machozi yakimtiririka, uso wake umefunguka kama wa bibi harusi.

"Ananyonya? Niambie, shoga yangu. Mwanangu ananyonya?"

Nilda aliitikia kwa kichwa. Mtoto aliyekufa siku aliyozaliwa hana jino hata moja, na hiki kilichoshika titi lake kilikuwa na meno, ya juu na ya chini, safu nzima, nacho kilikuwa kikiyafunga taratibu, kama mtu anayeonja.