Jiwe la Ngazija

Haya hayakunipata mimi, yalimpata rafiki yangu Salehe, Mngazija aliyekuwa akiuza nguo hapa Shinyanga, mwaka ule mvua zilipotukimbia.

Kwao kuna mlima wa moto. Alituambia mlima ule hukamata mawingu: upande mmoja mvua, upande wa pili vumbi. Alikuja na jiwe jeusi la mlima huo, akawa anazuilia mlango kwalo.

Binti yake Tabu alikuwa hoi kwa homa, na mtungi mkavu. Jirani yake Msukuma, Mama Masanja, akamwambia, "Baba Tabu, huku mvua tunaiomba kwa mawe. La kwenu linalala tu mlangoni?"

Salehe akalizika uani, katikati ya nyumba zao mbili.

Adhuhuri giza likatanda. Ngurumo ilitoka chini, si juu. Mvua ikamwagika kwa Mama Masanja, ikakomea palepale penye jiwe. Kwa Salehe halikuanguka hata tone.

Akakamata ndoo, akaikimbilia mvua. Zilikuwa hatua ishirini tu, na ua wenyewe tambarare. Lakini pumzi zilimkata, mapaja yakamwaka moto, akawa anaishika ardhi kwa mikono. Mbele aliisikia mvua, nyuma alimsikia mwanawe: "Baba, maji."

Aliporudi na maji, Tabu alikuwa kimya.

Jioni tulipokwenda kumzika, niliziona nyayo za Salehe vumbini pale uani kwake. Zilikuwa za vidole vitupu, bila kisigino hata kimoja, kama za mtu anayepanda mlima.