Nafasi ya Nne

Kiti kilimkandamiza Kalunde mgongoni na mawingu yakamjia usoni kwa kasi ya risasi. Hakuwa angani. Alikuwa ndani ya kiiga-anga, yai kubwa la chuma linaloelea kwa nguvu za sumaku katikati ya ukumbi wa kituo cha marubani cha Kilimatembo. Lakini mwili wake haukujua hayo. Yai lilipochupa, damu ilimshuka miguuni. Lilipopiga mbizi, tumbo lilimpanda kooni. Fulana ya mgandamizo ilimbana mbavu asizimie, vilevile ambavyo ingembana vitani.

Mbele yake ziliruka ndege tatu. Ya kwanza iliongozwa na Kipanga, rubani-mashine asiyechoka wala kupepesa jicho. Ya pili na ya tatu zilirushwa na wanafunzi wenzake, kila mmoja ndani ya yai lake. Kalunde alikuwa mkiani, nafasi ya nne, ambako wengi hushindwa. Ndege ya pili ikiyumba kidogo, ya tatu huyumba zaidi, na ya nne hutupwa huku na huko kama ncha ya mjeledi. Tangu mafunzo yaanze alikuwa akiachwa nyuma. Leo ulikuwa mtihani, na atakayeachwa angepelekwa kwenye ndege za mizigo.

"Nafasi yako, Nne," Kipanga alisema kwa utulivu.

"Nakuja."

Asubuhi, wakinywa chai, Tungaraza wa nafasi ya tatu alikuwa amemwambia: "Dada, usinitazame mimi. Nitazame kupita bega langu, umwone Kipanga. Nikikosea mimi, usikosee pamoja nami."

Akafanya hivyo. Akaliacha bawa la Tungaraza lififie pembeni, macho akayakaza kwa kiongozi, na ghafla mjeledi ukatulia. Kipanga alipolala kushoto, naye alilala. Kipanga alipozama bondeni, naye alizama, miamba ikipita karibu kiasi cha kuhesabu nyufa zake. Makombora ya adui yalichomoka kutoka mlimani, moshi ukatanda, kitu kikang'aa ghafla kulia kwake kisha kikapotea. Hakugeuka. Ndege ilikuwa imekuwa mwili wake, na moyo wake ulidunda kwa raha ambayo hajapata kuijua.

"Safi, Nne," Kipanga alisema. Kioo mbele yake kikawaka kijani, rangi ya kufaulu.

Yai lilipofunguka, Meja Shomvi, mkufunzi wao, alikuwa akipiga makofi. "Mpaka mwisho hukuachia. Hongera."

Kalunde alishuka, akacheka peke yake, akamtafuta Tungaraza. Alimkuta ameketi kwenye ukingo wa yai lake, kofia mapajani, shati limelowa.

"Asante, kaka. Ushauri wako umeniokoa."

"Mbona hukunijibu?"

"Kukujibu nini?"

"Nilipopigwa. Nilikuita, Kalunde. Nilikuita mpaka koo likakauka. Kombora jingine lilikuwa linanifuata, na wewe ndiye uliyekuwa na nafasi ya kulipiga."

"Sikusikia kitu. Haki ya Mungu, sikusikia."

Tungaraza alimtazama usoni, akaona hasemi uongo. Wote wawili wakamgeukia Meja.

"Ni chujio la sauti," Meja alisema. "Huondoa pumzi na minong'ono, na rubani akitoka kwenye mpangilio, hufunga sauti yake yote kwa wenzake."

"Kwenye mafunzo tu, afande?"

"Na angani pia. Anayemsikia mwenzake akilia hugeuza shingo. Anayegeuza shingo huachwa. Wahandisi walilipima jambo hilo kwa makini."

"Na yule anayelia, huambiwa kwamba hasikiki?"

Meja alikunja glavu zake, akazikunjua. "Hapana."

Kalunde alikitazama kile kioo cha kijani. "Afande, naomba kurudia. Bila chujio."

"Umeshafaulu. Ukirudia, matokeo ya pili ndiyo yatakayohesabiwa."

"Naelewa, afande."

"Mimi nimeshafeli," Tungaraza alisema huku akivaa kofia. "Sina cha kupoteza."

Fundi wa mitambo akalizima chujio, nao wakapaa tena.

Safari hii anga lilijaa watu. Kalunde alisikia pumzi, kikohozi, mtu akinong'ona dua. Kuushika mstari kukawa kugumu maradufu. Walipofika bondeni, sauti ikapasuka masikioni mwake: "Nne, nimepigwa! Liko nyuma yangu!"

Akageuza shingo.

"Nafasi yako, Nne," Kipanga alisema.

"Subiri."

Akaipindua ndege, fulana ikamkaba, macho yakaingia giza. Alipoona tena, kombora lilikuwa mbele yake, likimwinda Tungaraza. Akafyatua mzinga. Bonde lote likawaka rangi ya chungwa.

"Upo, kaka?"

"Nipo. Bawa moja linaungua, ila nipo."

"Shika bega langu. Twende."

Kioo kikawa chekundu, naye akajikuta anacheka tena. Kipanga alifika mwisho wa safari na ndege moja tu nyuma yake. Wao wawili walifika baadaye, wakiyumba, bawa kwa bawa, wote wamefeli.

Meja Shomvi hakupiga makofi. Aliwapa mkono mmoja mmoja, kisha akamwendea fundi.

"Niwekee rekodi ya safari ya kwanza," alisema. "Sauti ya nafasi ya tatu peke yake."

Akavaa spika za masikioni, akasimama pale akimsikiliza Tungaraza akiita, mpaka mwisho.