Matanga ya Mama Aliye Hai

Yaliyompata jirani yetu Alphonsine, kule Forest, mtaa wa Brussels, yalianzia mahali pazuri. Vuli ya 1994, basi dogo lilikuwa likiwatoa Wakongomani wachache Brussels kwenda kuchuma zabibu kwenye shamba maarufu kando ya mto Meuse. Jumba jeupe lilikaa juu kilimani, na mizabibu iliteremka safu kwa safu hadi karibu na maji. Zabibu zilizoanguka zilikanyagwa tu, kila unyayo ukawa zambarau.

Jumamosi moja Alphonsine alitaka kuwahi arusi mjini, barabara ya Chaussée d'Ixelles. Antoine, msimamizi, hakuwa mtu wa kutoa ruhusa. Basi Alphonsine akakunja uso, akamwambia kwamba mama yake amefariki Bukavu. Mama alikuwa mzima wa afya. Antoine akavua kofia, akamwachia aende, akampa na chupa ya divai ya pole.

Alichosahau ni kwamba Régine, waliyepanga naye nyumba, alikuwa safu ya pili, anasikia. Na kwetu msiba hausubiri mwaliko.

Jioni Alphonsine alirudi na gauni la kwendea arusi na rangi mdomoni. Sebule imejaa. Viti vimetolewa, wanawake wamekaa chini, picha ya mama imewashiwa mshumaa.

"Uchungu umemuvuruga," Régine akawaambia, akimfunika gauni kwa kitenge.

Neno moja lingetosha. Aibu ikamzuia. Alphonsine akakaa chini, akalia pamoja nao.

Ndipo akamwona bibi kwenye kona, kajitanda kitenge hadi machoni. Hakuna aliyemsalimia. Alikuwa peku. Nyayo zake zilikuwa zambarau.

Bibi akasogea sikioni.

"Uwaambie kweli, mutoto yangu. Ni nani alikufa?"

Sauti ile aliijua. Akawatazama wanawake, sufuria walizoleta, macho yao mekundu. Angeonekana vipi kesho? Akainamisha kichwa.

"Ni maman," akanong'ona.

Bibi akashusha pumzi. Simu ikalia.

Alikuwa Hilaire, mdogo wake, kutoka Bukavu.

"Yaya, dada yangu, maman ametuacha. Sasa hivi. Alikuwa anakula tu. Donc... miguu yake iko violet, zambarau. Tunasugua, haitoke."

Alphonsine akageuka. Kona ilikuwa tupu.

Kwenye mbao za sakafu zilibaki nyayo mbili, mbichi, zikinuka zabibu. Zilikuwa zimemwelekea yeye.