Tumbaku Iliyobaki Darini

"Hapana. Hii hapana," mzungu alisema, akaizima siga kwa kiatu. "Mimi nataka kama ile ya kwanza."

Sasa mtu afanye nini? Chepkosgei, aliyekuwa akimsokotea siga, zile sigara nene za majani matupu, pale shambani kwake Subukia, alikuwa amejaribu kila kitu. Alilaza majani kwenye asali. Aliyafukiza ndani ya kibuyu cha maziwa kilichosuguliwa kwa mkaa. Siga zikatoka chungu, zikatoka kali, zikatoka bila ladha yoyote. Ile ya kwanza ilianza tamu, ikawasha ulimi kidogo, ikaishia na moshi wa maziwa. Kesho wageni wa Nakuru walikuwa wanakuja kuionja. Wasipoipata, yeye na mumewe Micah wangefukuzwa shambani, na mwaka huo wa hamsini na nne, wakati wa Hali ya Hatari, wangeenda wapi?

Kilichomkera zaidi ni kwamba alijua ile ladha ilitoka wapi. Mamake Micah alipokufa, tumbaku yake ilibaki ikining'inia darini. Kwao, tumbaku ya marehemu husagwa ikamwagwa mlangoni, mwenyewe aje anuse. Mtu wa nje haionji. Lakini siku ile Chepkosgei alipungukiwa na majani, akaichukua yote.

Jua likizama alirudi kwenye banda la kukaushia, hasira imemjaa hadi kooni. Akasukuma mlango.

Harufu ile...

Tamu. Kali. Maziwa.

Kwenye kona palikuwa na mtu anatafuna. Polepole... kwa ufizi, bila meno.

"Ulimpa mgeni tumbaku yangu," sauti ikanong'ona.

Chepkosgei akapiga magoti. "Mama, nisamehe. Nisaidie. Watatufukuza."

Yule kwenye kona akaacha kutafuna.

"Nitakupa nyingine. Lakini mimi sina tena mdomo wa kuonjea. Nipe wako."

Akakubali. Alikuwa amechoka mno, haki ya Mungu, angekubali lolote.

Kesho yake wageni walivuta siga za tumbaku hiyo mpya, wakafumba macho kwa raha. Mzungu akaagiza masanduku mengine. Chepkosgei hakufurahi hata kidogo. Tangu asubuhi chai ilikuwa maji moto tu. Alilamba chumvi. Wapi. Sasa atachanganyaje tumbaku asiyoweza kuionja?

Jioni alimpakulia Micah chakula, akaketi nyuma yake karibu na moto. Koo likamwasha, akakohoa kidogo, kikohozi kisichokuwa chake.

Micah akaacha kula. Hakugeuka.

"Mama?" akanong'ona.