Wimbo wa Kumi na Moja

"Soma tena upande wa pili, mzee Shaaban."

"Nimesoma mara mbili, mwalimu. Nyimbo ni kumi. 'Nyansurura' haumo."

Waisiko alilichukua jalada la santuri akasoma mwenyewe, kidole kikishuka mstari kwa mstari kama anayesahihisha mtihani. *Kisyeri Heche: Nyimbo Bora za Miaka Saba.* Santuri ilifika asubuhi hiyo kutoka Nairobi kwa basi la Sirari, na sasa gramafoni ilikuwa inaimba barazani kwa Shaaban, fundi cherehani wa Nkende. Kisyeri alilifundisha gitaa la umeme kulia kama litungu, ala ya nyuzi ya Wakurya, la babu yake; Tarime nzima ilijua. Ilijua pia kwamba "Nyansurura" aliutunga kwa ajili ya Waisiko alipokuwa mwalimu katika kijiji cha jina hilo, na kwamba harusi yao ni Jumamosi.

Jambo moja walilijua wawili tu: beti zote nne ziliandikwa na Waisiko, nyuma ya karatasi ya mtihani.

"Wako kauacha, ule wa mbuzi kauweka," alisema Adija, mke wa Shaaban. "Mbuzi ana bahati."

"Mbuzi haolewi Jumamosi, mama."

"Na wewe unaolewa?"

Kisyeri alikuwa anapanda ngazi, gitaa begani.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Wimbo wangu uko wapi?" aliuliza Waisiko.

"Nimeutoa."

"Haukufaa?"

"Unafaa kuliko yote kumi."

"Basi nieleze. Mtu nisiyemwelewa siolewi naye."

Kisyeri alitoa mfukoni mwa shati barua ya kampuni ya santuri. Waisiko aliisoma kwa sauti:

"Ndugu Heche, fomu ina nafasi ya mtunzi mmoja. Weka jina lako peke yako, la sivyo 'Nyansurura' tutautoa. Kumbuka ndio wimbo wako unaopendwa zaidi."

Chini yake kulikuwa na nakala ya jibu, kwa mwandiko mbaya wa Kisyeri: "Maneno si yangu. Utoeni."

Aliangalia tarehe. Ilikuwa ya miezi mitatu iliyopita.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniambia nisaini."

Ilikuwa kweli. Angemwambia hivyo hivyo.

"Maneno ni ya nani, kwani?" aliuliza Adija.

"Yangu," alisema Waisiko. Miaka saba hakuwahi kulitamka hilo mbele ya watu. Akachukua kalamu, na chini ya wimbo wa kumi akaandika kwa mwandiko wa ubaoni: *11. Nyansurura. Maneno: Waisiko Nyamhanga. Muziki: Kisyeri Heche.*

Shaaban alichungulia. "Huo sindano haitaufikia, mwalimu."

"Zima gramafoni, mzee. Kisyeri, shika gitaa."

Kisyeri alilipiga bila umeme. Waisiko aliimba beti zote nne. Sauti yake haikuwa tamu, lakini kila neno lilisikika hadi barabarani, na watu wakasimama. Adija alisahau kucheka.

"Kumbe," alisema mwishoni. "Na wa mbuzi ulitunga wewe?"

"Huo ni wake."

"Nilijua."

Jumamosi, kanisani, mchungaji alifungua kitabu cha ndoa. Kisyeri alikitazama kitambo.

"Hiki kina nafasi mbili," alinong'ona.

"Nimeona," alisema Waisiko, akatangulia kusaini.