Kilichogonga Ndani ya Kisoma-mita

Jioni ile nilikwenda Kharumwa kukaza skrubu. Hiyo tu.

Naitwa Anisia, ni fundi umeme, naishi Nyahanga, Kahama mjini. Mchana dada yangu Paskazia alinipigia simu akasema kisoma-mita chake kinapata moto sana. Ni kile kiboksi cheupe kinachofungwa ukutani ndani ya nyumba; kinasoma mita iliyoko juu ya nguzo na kukuonyesha yuniti ulizotumia. Nikamwambia azime swichi kubwa, asikiguse, anisubiri. Akajibu taratibu kwamba kuzima hataki.

Sikumbishia. Wiki iliyotangulia mume wake, Masalu, alikuwa amefukiwa kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu. Alishuka peke yake kukagua magogo yanayozuia udongo, duara likaporomoka. Waokoaji walichimba mpaka udongo ukaanza kuwaangukia na wao, wakaacha. Matanga yalikaliwa bila maiti. Mjane wa namna hiyo utambishia nini kwenye simu?

Giza lilikuwa linaingia bodaboda iliponishusha mlangoni. Nilimkuta Paskazia chumbani, amekaa sakafuni, binti yake Jenifa amelala mgongoni. Kiganja cha dada kilikuwa ukutani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Hakugeuka.

Chumba kilinuka plastiki inayoungua. Kisoma-mita alikuwa amekifunika kanga. Niliiondoa, nikamweleza kwamba kifaa kile kinahitaji hewa, na kwamba kuweka nguo juu ya kitu chenye moto ni kuichoma nyumba na mtoto akiwa ndani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia alichoniitia.

"Wewe ni fundi. Nataka uniambie kama huu ni umeme au si umeme."

Nilizima swichi kubwa. Nyumba nzima ikawa giza. Nikavaa tochi ya kichwani, nikapima nyaya kwa testa. Hazikuwa na umeme. Nikafungua mfuniko, na tatizo likawa wazi mbele yangu: skrubu moja imelegea, shaba imeungua hadi ikawa nyeusi. Waya uliolegea huruka cheche, na cheche huzaa joto. Masalu alikuwa amekifunga mwenyewe, mbiombio, kabla ya kwenda machimboni. Niseme kweli, nilifurahi. Nilimwonyesha Paskazia ile shaba, nikamwambia ni umeme tu, dada, ona.

Nikachomoa nyaya zote ili nikate ncha zilizoungua. Kiboksi nikakitoa ukutani, nikakiweka mkekani kipoe.

Hakikupoa.

Nilikata ncha, nikazimenya upya, nikarudi kukishika. Kilikuwa cha moto kuliko mwanzo. Kilikuwa hakina waya. Nikakifungua nyuma nitafute betri... haikuwepo. Na harufu ilikuwa imebadilika. Si plastiki tena. Udongo mbichi. Baruti. Jasho la mtu.

Kisha...

Ko. Ko. Ko.

Sauti ilitoka ndani ya kiboksi. Ndogo, ya mbali, kama tindo kwenye mwamba.

Nilitaka kukitupa nje, nikashindwa hata kunyanyuka. Paskazia hakushtuka. Alikiokota, akakiviringisha kwenye kanga kama anavyomviringisha mtoto.

"Kila jioni," alinong'ona. "Tangu walipoacha kuchimba."

Mpaka leo sijui nilipata wapi ujasiri wa kumfuata. Tulikwenda moja kwa moja kwa Mwita, msimamizi wa lile duara. Tulimkuta anakula. Alimpa dada pole, akamweleza kwa upole kwamba mwamba umelegea, kwamba hawezi kuwashusha vijana wa watu kwa ajili ya maiti. Paskazia hakubishana naye. Alifungua kanga, akamwekea kile kiboksi mkononi, hakina waya hata mmoja.

Mwita alikishika. Uso wake ulibadilika polepole. Akakipeleka sikioni.

Halafu akanawa mikono, akaingia ndani kuchukua kofia yake ya mgodini.

Mwita na vijana wake walishukia duara la jirani, wakatoboa kwa ubavuni. Sisi tulikaa juu, karibu na winchi, pamoja na wanawake wachache waliosikia. Paskazia alikuwa amekipakata kiboksi, amelaza sikio lake juu yake. Nilimwona akitabasamu. Tangu msiba ule sikuwa nimemwona akitabasamu.

Kulipoanza kupambazuka, tabasamu likaondoka.

"Kimepoa," alisema.

Nilikigusa. Kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Kamba ilitikiswa muda mfupi baadaye. Walimkuta Masalu amekaa. Magogo yalikuwa yameanguka yakapishana na kuacha uwazi, na maji yalikuwa yanadondoka kwenye mwamba. Kando yake palikuwa na tindo. Mwita alipanda wa mwisho, akaja kunieleza mimi, si dada. Mwili, alisema, ulikuwa bado na joto.

Paskazia aliuweka mkono wake kwenye shavu la mumewe, na hakuutoa mpaka alipoondolewa.

Tulimzika nyumbani kwao, Didia. Kiboksi dada alikiweka ndani ya jeneza, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Lakini baada ya maziko mama mkwe wake alisimama mbele ya watu akauliza swali moja. Mtu yuko chini ya ardhi, amekaliwa matanga. Mke wake alijuaje kwamba yuko hai, kama si yeye aliyemficha?

Neno likapita uani kwa sauti za chini. Nogi. Mchawi. Alimgeuza mumewe msukule, akashindwa kumtunza. Niliwaeleza habari ya skrubu, ya shaba iliyoungua, ya nyaya nilizozichomoa mwenyewe. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nami nilivyotazamwa. Mwita alikuwepo. Aliinamisha kichwa, hakusema neno.

Mabinti wa ukoo walitutupia nguo zetu nje. Tukambeba Jenifa, tukaondoka kabla ya jua kuzama, maana tunajua yanayowapata wanaoitwa hivyo.

Sasa Paskazia anaishi kwangu. Juzi tulikuwa tunamenya viazi vitamu barazani, akaanza kuongea bila kuniangalia.

"Waligonga wawili, Anisia. Masalu alikuwa anagonga, halafu kuna mwingine anamjibu. Chini zaidi."

Nilimwambia Masalu alishuka peke yake, na duara lile halikuwa limemfukia mwingine. Akasema anajua. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Mwita.

"Walikataa kuchimba kwa ajili ya mtu waliyekula naye," alisema. "Ningewaambia kuna na mwingine wasiyemjua, nani angeshuka?"

Duara lile mwenye eneo alishalifukia kwa tingatinga, likasawazishwa.

Paskazia alichukua kiazi kingine.

"Masalu alinyamaza, kiboksi kikapoa," alisema. "Yule mwingine bado alikuwa anagonga."