Diski Iliyoitika

Diski ilikuwa imelazwa, kisha ikaamka. Hakuna aliyeigusa.

Among aliisikia kabla ya kuitazama: mvumo mwembamba chini ya meza, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Alikuwa nyumbani kwa mama yake, Malaba, nyuma ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kuingia Uganda. Kazi yake siku hiyo ilikuwa kukagua kiraka cha kerneli, kiini cha mfumo wa kompyuta: marekebisho machache ya msimbo kutoka kwa mtu asiyemjua. Kiraka kiliahidi kuokoa umeme: diski ikikaa bila kazi, ilazwe, ikihitajika, iamshwe. Among alizipima ahadi za viraka kwa mizani ileile aliyopimia za wanasiasa.

Akailaza tena. Ikaamka tena. Kwenye kumbukumbu za mfumo palikuwa na mstari uleule: ombi la kuamka limepokelewa. Pale panapotajwa programu iliyoomba, patupu. Chumba nacho kilianza kunuka matope ya mtoni, na mvua ilikuwa bado haijanyesha.

"Unagombana na hicho chuma?" mama yake, Leonida, aliuliza kutoka jikoni.

"Kuna kitu kinaiamsha, mama, na msimbo hauulizi ni nani. Yeyote akibisha, inaitika tu. Ni bug."

Leonida aliacha kuchambua mboga. "Hiyo hata mtoto wa hapa kwetu anajua. Ukiitwa na hujaona mtu, si unanyamaza?"

"Mama, hii ni diski."

"Na inaitika kama mjinga. Ni wewe umeifunza?"

Among alicheka. Utotoni alichapwa kwa kuitika sauti ambayo mwenyewe haonekani. Chuo kikuu kilimwondolea imani hiyo pamoja na nyingine. Yeye mwenyewe alimfunza binti yake, Sharlyne, kinyume kabisa: mama akiita, unaitika mara moja, hakuna cha kuchungulia. Akaandika uamuzi wake: kiraka kimekataliwa, anayeamsha ajulikane kwanza.

"Among!"

Sauti ilitoka uani, ya mama yake, yenye haraka ya mtu aliyebeba mzigo mzito.

"Naam!"

Leonida alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, sufuria mkononi, midomo imefungwa.

Chini ya meza diski ilinyamaza. Among alitaka kuuliza, basi ni nani yuko huko nje. Mdomo ulifunguka, pumzi ikatoka, maneno hayakutoka.

"Umeitika," Leonida alinong'ona. "Umeitika, mwanangu, mchana kweupe." Aliiweka sufuria chini polepole, kana kwamba mlio wake ungesikika mbali. "Usijilazimishe. Sauti imeshachukuliwa. Wewe kitu hicho hakikutaki; kilikuwa kinatafuta sauti ya kuitia mwingine. Mtoto yuko wapi?"

Sharlyne alikuwa kwa jirani, kwa Mama Omuse, akicheza na wenzake.

Among alitoka mbio bila viatu, na mvua iliyokuwa imekataa asubuhi yote ikaanguka kwa mpigo, ikiloweka uani na barabara na maturubai ya malori, na harufu ile ya matope ikamtangulia kila alipokanyaga, na katikati ya ngurumo za injini akaisikia sauti yake mwenyewe, nzuri, isiyo na haraka, yenye ule utani anaoutumia akiwa na hamu ya kumbeba mtoto, ikiita kutoka mahali fulani kati ya lori na lori ambapo hapakuwa na mtu.

"Sharlyne! Njoo, mama, utalowa."

Mtoto alikuwa ameshatoka kwa Mama Omuse. Alisimama kando ya barabara, gauni limemganda mwilini, akageuka akamwona mama yake akimjia, mdomo wazi, mikono imenyooshwa.

"Mama? Ni wewe unaniita?"

Among alitikisa kichwa, akaelekeza kidole nyumbani, akajipiga kifua, akalazimisha koo mpaka mishipa ikamsimama.

"Mbona huongei?" Sharlyne alirudi nyuma. "Ongea basi!"

"Sharlyne," sauti iliita malorini, kwa upole. "Achana na huyo. Mama yuko huku."

Mtoto aliangalia huku, akaangalia kule. Alikuwa amefunzwa vizuri.

"Naam, mama!"

Among alimfikia, akamnyakua, akamkumbatia kwa nguvu hata miguu yake midogo ikaning'inia, akakimbia naye kuelekea nyumbani bila kutazama nyuma. Sharlyne alikuwa analia. Among aliuhisi mwili ule ukitetemeka kifuani pake, machozi ya moto yakimtiririka shingoni. Lakini kilio chenyewe hakikusikika.

Leonida alikuwa amewafungulia lango. Alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaelewa, akalifunga lango nyuma yao.

Kutoka nyuma ya malori, sauti mbili zikaanza kuita kwa pamoja, moja ya mwanamke mzima na moja ya mtoto.

"Mama!" ilisema ya kwanza.

"Nyanya!" ilisema ya pili, ikilia. "Nyanya, mbona umefunga lango, sisi tuko huku nje!"

Leonida alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.